Kuomba Shahada ya Uzamili katika Elimu ya Awali: Kuanzia Vyeti hadi Siku ya Usajili

Mwalimu mwenye GPA ya 3.8 anaweza kuachwa kwa sababu cheti chake cha kidato cha nne kina herufi moja zaidi ya cheti cha shahada. Mwenzake mwenye 2.9 akaingia, kwa kuwa faili lake limetimia na barua yake inaonyesha kwamba anawajua watoto anaowazungumzia. Mwongozo huu ni wa wanaoomba vyuo vya Tanzania, na pale Kenya inapotofautiana tutasema. Anza kujiandaa miezi 6 kabla ya masomo. Tanzania muhula wa kwanza huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo ukishika kalamu mwezi wa nne hujawahi mno.

Kwanza, jua unaomba programu ipi

Usitafute jina "Elimu ya Awali" peke yake. Kenya ni rahisi kidogo: Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi vina shahada za uzamili za elimu zilizoelekezwa moja kwa moja kwa watoto wadogo. Tanzania, mara nyingi njia hupitia Shahada ya Uzamili ya Elimu ya jumla, na wewe ndiye unayeielekeza kwenye awali kwa masomo ya hiari utakayochagua na kwa tasnifu utakayoandika. Taasisi ya elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliyopo Dar es Salaam tangu 2006 ni mfano wa chuo kilichojengwa kwa ajili ya walimu walio kazini. Ukienda kule bila uzoefu wa darasani utajieleza kwa shida.

Fungua orodha ya masomo ya programu, usome majina ya kozi moja moja. Halafu tazama wahadhiri wa idara na walichoandika miaka ya karibuni. Kama hakuna hata mmoja aliyewahi kuchapisha kuhusu watoto wa chini ya miaka 8, jiulize nani atakusimamia. Msimamizi wa elimu ya sekondari anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini akakushauri ugawe dodoso kwa watoto wa miaka mitano.

Jambo lingine ni umri wa mtoto unayemlenga. Tanzania Bara, elimu ya awali ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza; Kenya ni miaka miwili, madarasa yaitwayo PP1 na PP2. Lakini malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto ni uwanja mpana zaidi: programu jumuishi ya taifa ya Tanzania iliyozinduliwa 2021, ile inayofupishwa PJT-MMMAM, inahesabu kuanzia mimba hadi miaka 8 na kuunganisha afya, lishe, ulinzi, malezi na ujifunzaji. Anayefanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, au shirika linaloshughulika na wazazi, atabanwa na programu inayosoma mtaala wa darasa la awali tu. Mwalimu wa darasa naye atapotea kwenye programu ya sera za jamii.

Mwisho, angalia mfumo wa kusoma. Kuna programu za kozi pamoja na tasnifu, na kuna za tasnifu tupu. Za tasnifu tupu huwavutia walio kazini kwa sababu hazina vipindi vya kila siku, ila zinataka andiko dhana, yaani muhtasari wa utafiti unaokusudia kuufanya, tangu siku ya kuomba na nidhamu ya mtu wa kujisukuma. Kama hujaandika utafiti tangu ule wa mwaka wa tatu, chukua yenye kozi. Na kabla hujalipa chochote, hakikisha programu yenyewe, si chuo tu, imo kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), au kwa Kenya, ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

Sifa za kuingilia

Kwa mizani ya Tanzania yenye kilele cha 5, daraja la kwanza ni 4.4 na kuendelea, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4. Mstari wa kawaida wa kuingia uzamili ni 2.7. Mwenye 2.6 kurudi chini hajafungiwa mlango: vyuo vingi humpokea akiwa na stashahada ya uzamili yenye matokeo mazuri. Kenya vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu, na wa daraja la pili la chini huongezewa sharti la uzoefu wa kazi.

Aliyesoma shahada isiyo ya ualimu, tuseme sosholojia au saikolojia, asome masharti mara mbili. Kuna programu zinazompokea vivyo hivyo na zinazomtaka apite kwanza stashahada ya uzamili ya elimu. Kumbuka pia kwamba uzamili haumfanyi mtu kuwa mwalimu aliyesajiliwa. Ni mambo mawili tofauti.

Vyeti, na hasa majina

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Toa vyeti vyote mezani: cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita au stashahada, shahada, hati ya matokeo ya chuo, kitambulisho cha taifa (NIDA). Soma majina kwa kidole, herufi kwa herufi. Matatizo yanajirudia: Khadija huku na Hadija kule; majina mawili kwenye cheti cha sekondari na matatu kwenye shahada; jina la mume lililoingia NIDA lakini halimo kwenye vyeti; jina la babu lililogeuka kuwa la kati.

Tofauti ndogo ya tahajia, au jina lililopungua, kwa kawaida hutatuliwa na hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu inayosema majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kubadili jina kabisa ni jambo kubwa zaidi. Kunahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usisubiri chuo kikuulize. Iweke hati hiyo ndani ya faili moja na vyeti, na kwenye fomu ya maombi tumia jina lililo kwenye cheti cha shahada, hata kama mtaani hakuna anayekuita hivyo.

Hati ya matokeo ndiyo inayosomwa na kamati, kuliko cheti chenyewe. Kama ulimaliza chuo na hujawahi kuichukua kwa sababu ya deni la ada au kitabu cha maktaba ambacho hakikurudishwa, lishughulikie sasa. Ofisi za mitihani huelemewa miezi ya mahafali, na barua ya matokeo ya muda si kila chuo kinaikubali.

Waliosoma nje ya Tanzania wana hatua ya ziada: shahada hutambuliwa na TCU, na cheti cha sekondari cha nje hupatiwa ulinganifu na Baraza la Mitihani (NECTA). Mwalimu aliyesoma Kampala au Bujumbura na anaomba Dar es Salaam aanze na hili kabla ya yote.

Sasa kuskani. Picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi huacha doa jeupe juu ya muhuri, na muhuri ndio unaotafutwa. Tumia skana ya duka la stesheneri, rangi, ubora wa kati ya dpi 150 na 200, faili la PDF. Hapo ukurasa unasomeka na faili halivuki ukomo wa mfumo wa maombi wa mtandaoni, ambao mara nyingi ni megabaiti chache. Skani pande zote mbili za hati ya matokeo, kwa sababu maelezo ya madaraja huwa nyuma. Yape mafaili majina yanayoeleweka: jina lako, kisha aina ya hati. Faili liitwalo "Scan0047" likipotea kwenye mfumo hakuna wa kulitafuta.

Barua ya nia na andiko dhana

Kamati husoma makumi ya barua, na nyingi huanza hivi:

"Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kufundisha watoto. Watoto ni taifa la kesho na elimu ya awali ni msingi wa elimu yote. Nikipata nafasi hii nitaongeza ujuzi wangu ili nichangie maendeleo ya nchi yangu."

Hakuna uongo ndani yake, ila hakuna mtu pia. Linganisha na hii ya mwalimu wa kubuni:

"Nafundisha darasa la awali lenye watoto 84 katika shule ya wilaya ya Maswa. Wengi huja wakiongea Kisukuma tu. Nikiwasimulia hadithi kwa Kiswahili, wanane au kumi wa mbele hujibu na waliobaki hunyamaza. Nikimwacha mtoto mmoja aisimulie tena kwa Kisukuma kabla ya maswali, majibu hutoka mpaka nyuma karibu na mlango. Sijui kama kinachosaidia ni lugha, au ni kule kurudia tu. Hilo ndilo ninalotaka kulisoma."

Msomaji ameliona darasa. Anajua kuwa sera ya Tanzania inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo namba 84 imeshasema kilio chote bila kulalamika. Na ile sentensi ya "sijui kama" ndiyo inayomfanya profesa anyanyue kalamu, maana mtu anayetenganisha sababu mbili zinazofanana ameshaanza utafiti.

Barua ya nia isizidi ukurasa mmoja na nusu kama chuo hakikutaja urefu. Tumia robo ya kwanza kwa kazi unayoifanya, nusu kwa swali linalokusumbua na ulichojaribu, na robo kueleza kwa nini programu hii, ukitaja kozi kwa majina. Historia ya maisha iachie wasifu.

Kikwazo kimoja hakisemwi sana. Masomo ya uzamili ya elimu huendeshwa kwa Kiingereza, na barua huandikwa kwa Kiingereza, lakini darasa lako lote unalijua kwa Kiswahili. Matokeo yake ni barua ya maneno makubwa yasiyoonyesha kitu. Andika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia mwalimu mwenzako chini ya mwembe, kisha ndipo uihamishe. Maneno kama kituo shikizi (tawi la shule mama) au KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) yaache yalivyo na uyafafanue kwa nusu sentensi. Yanaonyesha unatoka wapi.

Andiko dhana, pale linapotakiwa, huwa kurasa 3 hadi 5: mada, usuli, tatizo, malengo, maswali, mbinu, ratiba, marejeo. Mada pana ndiyo ugonjwa mkuu. "Changamoto za elimu ya awali Tanzania" haina mwisho. Ya mwalimu wetu wa Maswa inaweza kuwa: usimuliaji wa hadithi kwa lugha mbili na uelewa wa watoto wa darasa la awali katika shule nne za wilaya moja. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika madarasa ya awali Januari 2024 nao umefungua maswali mengi mapya, ila usiutaje kama pambo. Taja umahiri gani hasa na mwalimu anaufundishaje.

Kwenye mbinu, piga hesabu mbele ya msomaji. Walimu 4, kila mmoja aangaliwe vipindi 3, ni vipindi 12. Watoto 10 kila darasa wasimulie hadithi mmoja mmoja, dakika 10 kila mtoto: dakika 400, karibu saa 7. Watoto wa awali huondoka mapema na wakishakunywa uji umakini hupungua, kwa hiyo asubuhi moja itakupa watoto 8, si 20. Ni asubuhi 5. Ukiandika hivyo, kamati inajua umewahi kukaa nao. Ukiandika "watoto 300 watajaza dodoso", inajua pia.

Eleza vibali. Tanzania, barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri, ndipo ufike shuleni. Kenya, kibali hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ridhaa ya mzazi ni lazima, na mtoto mwenyewe naye ana kauli: akigoma au akilia, zoezi linaishia hapo. Andika hilo waziwazi.

Usisahau kusoma kazi za nyumbani kabla ya kukimbilia za Ulaya. Shule za awali za Madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 na kusambaa Zanzibar na Uganda zimefanyiwa utafiti unaofaa kunukuliwa na yeyote anayeandika kuhusu awali ya ukanda huu. Zana za kupima makuzi na ujifunzaji wa watoto wadogo kama MELQO na IDELA zimeshatumika Afrika Mashariki; ukitaka kubuni yako, toa sababu.

Wadhamini

Chuo hutaka wawili au watatu. Angalau mmoja awe mhadhiri aliyekufundisha, mwingine anaweza kuwa mwalimu mkuu au msimamizi wa kazi. Diwani na mbunge hawana la kusema kuhusu uwezo wako wa kuandika tasnifu.

Waombe wiki 4 kabla, na uwakumbushe wewe ni nani. Mhadhiri amefundisha mamia tangu ulipoondoka. Ujumbe wa aina hii unatosha:

"Shikamoo Mwalimu. Nilisoma kwako makuzi ya mtoto mwaka 2018, kundi letu ndilo lililotengeneza zana kwa vifuniko vya chupa. Sasa nafundisha awali na naomba shahada ya uzamili. Mwisho wa maombi ni tarehe 30 mwezi wa nane. Naomba kama utaridhia kuwa mdhamini wangu. Nimeambatisha wasifu, hati ya matokeo na rasimu ya barua yangu. Kama una majukumu mengi nitaelewa, Mwalimu."

Ile sentensi ya mwisho ni ya heshima na pia ni kinga: bora akukatalie sasa kuliko akubali na asiandike. Akikubali, jaza kwenye mfumo barua pepe yake ya chuo, kwa kuwa vyuo vingi hushuku za bure. Mwambie kiungo kitatoka kwenye mfumo na huenda kikatua kwenye taka za barua pepe. Wiki moja kabla ya mwisho ingia kwenye akaunti yako uone kama zimefika. Mfumo mwingi hauhesabu maombi kuwa kamili mpaka barua zote ziwemo, hata kama umeshalipa.

Kujaza mfumo na kulipa

Maombi ya uzamili hupelekwa chuoni moja kwa moja. Fungua akaunti kwa barua pepe utakayokuwa nayo mwaka mzima, si ya ofisi ya mradi unaoisha. Vyuo vya umma vya Tanzania hutoa kontroli namba, yaani namba ya kulipia. Lipa kwa simu au benki na uhifadhi ujumbe wa malipo. Kontroli namba ina muda wake, ikipita unatoa nyingine. Malipo yakichelewa kuonekana usilipe mara ya pili: subiri siku moja, kisha wapigie. Na kulipa si kutuma. Kuna kitufe cha mwisho cha kuwasilisha, na kila msimu kuna wanaokisahau.

Usaili, ruhusa na fedha

Si kila chuo hufanya usaili. Ukiitwa, swali la kwanza huwa kwa nini awali na si msingi, la pili ni utafiti wako kwa dakika mbili, la tatu ni jinsi utakavyosoma huku unafanya kazi. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi kwa kujibu "nitajitahidi". Taja siku na saa.

Mwalimu wa serikali Tanzania aanze kuzungumzia ruhusa kabla hajapata nafasi, ili awekwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Barua huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, lakini hupita mkononi mwa wakubwa wako: K.K. (kupitia kwa) Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata, Afisa Elimu wa Awali na Msingi. Ukiruka ngazi moja hurudishwa, na kila mzunguko ni wiki kadhaa. Ambatisha barua ya udahili, muundo wa masomo na ratiba. Kuondoka bila ruhusa ya maandishi ni utoro kazini, haijalishi umedahiliwa wapi. Kenya, mwalimu wa shule ya awali ya umma mwajiri wake ni serikali ya kaunti, tangu katiba ya 2010 ilipoikabidhi elimu ya awali kaunti, hivyo ruhusa yake haipiti TSC, tume inayoajiri walimu wa shule nyingine za umma.

Kuhusu fedha, usijenge mpango wako juu ya mkopo ambao hujaona tangazo lake. Uliza kama ada hulipwa kwa awamu na ujumlishe usichoandikiwa: nauli za ukusanyaji data, uchapishaji, ujalidi wa tasnifu. Anayewania ufadhili wa Chevening kwenda Uingereza ajue masharti yake: saa 2,800 za kazi baada ya shahada, sawa na miaka miwili hivi, kozi tatu za kuchagua, na kurudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza. Dirisha lake hufunguliwa na kufungwa karibu mwaka mmoja kabla ya kusafiri.

Ukidahiliwa, soma barua yote, pamoja na kurasa za nyuma ambako masharti hukaa. Kama imeandikwa "kwa masharti", tafuta sharti ni lipi na mwisho wake lini. Siku ya usajili beba vyeti halisi vyote, ile hati ya kiapo ya majina, na nakala zilizogongwa muhuri, seti mbili. Foleni ikishafika dirishani, hakuna anayekusubiri urudi nyumbani kuchukua cheti cha kuzaliwa.